Maneno ya Washabiki: Namna ya Kuzungumza Juu ya Sinema na Muziki



Safari hii nataka tujifunze jambo ambalo wengi wenu hulifanya kila siku bila kufundishwa na mtu, nalo ni kuzungumza juu ya sinema na wanamuziki. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni hapa Uganda. Kila Jumamosi jioni, kazi za usafi zikiisha, nawasikia wanafunzi wakibishana: huyu asema picha fulani haina mfano, yule asema mpiga gitaa fulani hana mpinzani. Wako walimu waonao kuwa maneno hayo ni kupoteza wakati. Mimi siyaoni hivyo. Maneno ya washabiki yana kazi yake duniani, na kazi hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Ila hufaa tu yanaposemwa kwa usahihi. Hilo ndilo somo letu.

SINEMA ZA WASHABIKI NI ZIPI?

Sinema nyingi huja zikapita. Hutangazwa, watu hujaa, fedha hukusanywa, na baada ya miaka michache hakuna azikumbukaye. Lakini ziko nyingine ambazo zilipotoka zilikataliwa. Waandishi wa magazeti walizicheka, na wenye majumba ya sinema waliziondoa upesi. Kisha, polepole, likatokea kundi dogo la watu waliozipenda mno. Wakazitazama mara kumi, mara ishirini, wakayajua maneno yake kwa ghibu, wakaambizana, hata zikafufuka. Hizo ndizo ninazoziita sinema za washabiki.

Mfano unaojulikana zaidi ni The Rocky Horror Picture Show. Asili yake ni mchezo wa kuigiza wa Richard O'Brien, ulioonyeshwa London mwaka wa 1973, wenye nyimbo za roki. Sinema yake ilitoka mwaka wa 1975, na watu hawakwenda kuitazama. Mwezi wa Aprili 1976 jumba moja la New York, lililoitwa Waverly, likaanza kuionyesha usiku wa manane. Waliokuja walikuwa wale wale, juma baada ya juma, na baada ya muda wakaanza kuijibu picha: mchezaji akisema neno, wao humjibu kwa sauti kutoka vitini. Penye harusi hurusha mchele. Penye mvua hujifunika magazeti vichwani. Picha ile haiwafai watoto, wala simwambii mtu akaitafute. Naitaja kwa ajili ya watazamaji wake.

Mtu aliyesikia hadithi za Pwani hataona ajabu. Msimulizi asemapo "Paukwa!" wasikilizaji huitikia "Pakawa!", na wasipoitikia hadithi haianzi. Watazamaji wa New York hawakuwa na habari za Paukwa wala Pakawa, lakini walifika pale pale: kwamba hadithi ipendwayo si ya msimulizi peke yake. Mwaka wa 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia sinema hiyo katika orodha ya picha zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Kama si wale watu wa usiku wa manane, orodha hiyo isingeifikia.

WANAMUZIKI WA ROKI WANAINGIAJE?

Roki ni muziki uliozaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na mizizi yake mikubwa imo katika nyimbo za Wamarekani Weusi. Alama zake ni gitaa za umeme, ngoma nzito na sauti ya kupaaza. Wasikilizaji wake walikuwa vijana, na vijana hao hao ndio waliojaza majumba ya sinema. Basi si ajabu kwamba watengeneza sinema waliwatafuta wanamuziki wa roki, na kwamba mazungumzo ya picha hizi daima huishia katika mazungumzo ya santuri.

Katika jambo hili yuko mtu mmoja ambaye sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kumtaja. Dunia humwita Freddie Mercury. Jina lake la kwanza lilikuwa Farrokh Bulsara, naye alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India. Alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya Panchgani, na huko, akiwa mwanafunzi kama ninyi, akapiga piano katika bendi ya shule. Alirudi Unguja mwaka wa 1963, na mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ilihamia Uingereza. Mwaka wa 1970 yeye na Brian May na Roger Taylor waliunda bendi ya Queen. John Deacon akajiunga nao mwaka wa 1971.

Queen walitunga muziki wa sinema mbili ambazo washabiki hawachoki kuzitaja. Ya kwanza ni Flash Gordon ya mwaka wa 1980, iliyoongozwa na Mike Hodges. Ni kisa cha mchezaji wa mpira wa Kimarekani anayejikuta katika sayari nyingine akipigana na mfalme dhalimu. Asili yake ni michoro ya magazetini iliyoanza mwaka wa 1934. Rangi zake ni kali, maneno yake yametiwa chumvi, na wako waliosema ni upuuzi mtupu. Washabiki wakajibu: ndiyo, ni upuuzi, lakini ni upuuzi uliotengenezwa kwa furaha.

Ya pili ni Highlander ya mwaka wa 1986, iliyoongozwa na Russell Mulcahy. Humo yumo Mskochi aliyezaliwa karne ya 16 ambaye hafi. Mkewe azeeka, afa mikononi mwake, naye abaki kijana vile vile. Picha hii ilitumia fedha nyingi, na katika majumba ya Marekani haikurudisha hata nusu ya gharama zake. Lakini watu waliikuta baadaye katika mikanda ya video, wakaipenda, hata ikafuatwa na nyingine kadhaa. Wimbo wa Who Wants to Live Forever, unaosikika mke yule anapozeeka, ulitungwa na Brian May. Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Novemba 1991, Freddie Mercury alifariki akiwa na umri wa miaka 45, na tangu hapo washabiki huusikia wimbo ule kwa maana nyingine.

Mwaka ule ule wa 1986 David Bowie, ambaye mwaka wa 1981 alikuwa ameimba na Queen wimbo wa Under Pressure, alicheza mfalme wa vibwengo katika sinema ya Labyrinth. Iliongozwa na Jim Henson, fundi mkubwa wa vikaragosi. Nayo ilipata hasara. Henson alifariki mwaka wa 1990 bila kuongoza sinema nyingine ndefu, na hakuishi kuona jinsi watoto walioitazama nyumbani kwa video walivyokua wakawaonyesha watoto wao.

NENO MOJA LILIVYOOKOA SINEMA

Sasa nawaleta kwenye kisa ambacho ndicho kiini cha somo hili.

Mwaka wa 1984 Queen walitoa wimbo wa Radio Ga Ga, uliotungwa na Roger Taylor. Katika filamu fupi ya wimbo huo walitia vipande vya Metropolis, sinema isiyo na sauti iliyotengenezwa Ujerumani na Fritz Lang na kuonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1927. Mwaka ule ule wa 1984 Mtaliano mmoja mtunga muziki, Giorgio Moroder, alitoa nakala ya Metropolis yenye nyimbo za kisasa, na wimbo mmoja humo uliimbwa na Freddie Mercury. Ndivyo kijana wa Unguja alivyoingia katika sinema iliyotengenezwa kabla hajazaliwa.

Lakini Metropolis iliyoonyeshwa wakati ule haikuwa kamili. Ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Haikuleta faida, wenye mali wakaikata, na kiasi cha robo yake kikapotea. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa vipande vile havitaonekana tena duniani.

Vilipatikanaje? Huko Buenos Aires, mji mkuu wa Ajentina, alikuwako msimamizi wa klabu ya sinema ambaye katika maongezi yake alisimulia jinsi alivyoshangaa zamani, alipoionyesha Metropolis, kuona onyesho linachukua zaidi ya saa mbili. Ilikuwa hadithi ya kupitisha wakati, kama zile za bwenini kwenu. Lakini mtu mmoja aliyeijua historia ya sinema, Fernando Martín Peña, aliisikia, nayo ikamkaa moyoni. Zaidi ya saa mbili? Nakala zilizojulikana zilikuwa fupi kuliko hapo. Basi ile ilikuwa nakala gani? Mwaka wa 2008, yeye na mkuu wa Makumbusho ya Sinema ya mji ule, Paula Félix-Didier, wakaupata ukanda wenyewe humo makumbushoni. Ulikuwa na mikwaruzo mingi, lakini ndani yake zilikuwamo karibu sehemu zote zilizopotea. Mwaka wa 2010 Metropolis iliyotengenezwa upya ikaonyeshwa Berlin, ikiwa na nyongeza ya kiasi cha dakika 25.

Angalieni sana jambo hili. Kama yule msimamizi angalisema tu, "Metropolis ni picha nzuri sana," hakuna ambaye angaliondoka kitini kwenda kutafuta. Kilichoiokoa picha ile ni hesabu ya saa. Aliikumbuka, akaitaja, na mwenye masikio akasikia.

KISA CHA HAPA KWETU

Hatuna haja ya kwenda Ajentina peke yake. Katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, yuko mtengeneza sinema aitwaye Nabwana I.G.G., ambaye zamani alifyatua matofali. Mwaka wa 2010 alitoa picha ya Who Killed Captain Alex? Bunduki zake zilikuwa za vyuma chakavu, na inasemekana gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Juu ya maneno ya wachezaji imewekwa sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania, anayesifu na anayeonya, kama wafanyavyo wasimulizi katika vibanda vyetu vya video. Kipande cha kuitangaza kiliwekwa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali wakapashana habari hata Wakaliga ikajulikana kwa washabiki wa Ulaya na Marekani.

Lakini kumbukeni na upande wa huzuni. Nabwana alikuwa ameifuta picha hiyo kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Kilichobaki ni ile nakala yenye sauti ya VJ. Picha isiyo na sauti hiyo haipo tena. Nayo ni ya mwaka wa 2010, si ya 1927. Basi kupotea kwa sinema si habari ya kale. Ni jambo la kila siku, na linaweza kutokea umbali wa safari moja ya basi kutoka darasani kwenu.

KANUNI NNE ZA MAZUNGUMZO

Kwanza, tenga uliyoyaona, uliyoyasikia na unayoyadhani. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii: "nimeona", "nimesikia", "inasemekana", "nadhani". Katika wimbo wa Queen uitwao Bohemian Rhapsody, wa mwaka wa 1975, mna neno "bismillahi". Yeyote awezaye kusikiliza atalisikia. Hilo ni la kuona na kusikia. Mtu akisema kuwa Freddie alilibeba neno hilo kutoka Unguja, hiyo ni dhana. Huenda ni dhana nzuri, lakini mwenyewe hakupenda kuueleza wimbo wake. Basi isemwe kwa "nadhani".

Pili, taja mahali. Usiseme, "Kuna pahali panapendeza." Sema ni pale mke anapozeeka, au pale mfalme anapoingia. Anayekusikiliza aweze kwenda akapaone.

Tatu, usichanganye "naipenda" na "ni nzuri". Neno la kwanza ni habari ya moyo wako, na hakuna awezaye kukupinga. Neno la pili ni hukumu, na hukumu yataka sababu. Mshabiki wa Flash Gordon aweza kukiri kuwa maneno yake yametiwa chumvi, na bado akaipenda. Hapo hajashindwa, amesema kweli mara mbili.

Nne, mpe kila mtu haki yake. Wengi hudhani nyimbo zote za Queen zilitungwa na Freddie Mercury kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama mbele. Sivyo. We Are the Champions ni wake, lakini Radio Ga Ga ni wa Taylor, Who Wants to Live Forever ni wa May, na Another One Bites the Dust ni wa Deacon, mpiga besi aliyekuwa mkimya kuliko wote.

MIFANO YA MAZUNGUMZO

Hapa naandika mazungumzo mawili niliyoyatunga kwa ajili ya somo. La kwanza ni hili:

– Ile picha ya Freddie ni nzuri, bwana!
– Nzuri wapi? Ni uongo mtupu.
– Wewe hujui sinema.
– Wewe ndiye hujui. Toka hapa.

Kengele italia, nao watakwenda kulala bila kupata kitu. Sasa tazameni la pili:

– Ndugu yangu, nimeiona ile picha ya Bohemian Rhapsody ya mwaka wa 2018. Rami Malek alimwigiza Freddie hata akapewa tuzo ya Oscar mwaka wa 2019.
– Nami nimeiona. Wewe ulipenda wapi?
– Pale mwisho, penye tamasha la Wembley la tarehe 13 Julai 1985, lililofanywa kuchangia watu wenye njaa wa Ethiopia. Nililinganisha na filamu ya siku yenyewe. Hata vikombe vya karatasi juu ya piano wameviweka vile vile.
– Hapo sikupingi. Lakini picha yasema bendi ilikuwa imevunjika, nao wakarudiana kwa ajili ya tamasha lile. Sivyo ilivyokuwa. Januari 1985 walipiga Rio de Janeiro, na mwezi wa Mei walikuwa Japani.
– Kumbe! Na ule ugonjwa? Picha yaonyesha aliwaambia wenzake kabla ya Wembley.
– Nimesoma kuwa mtu aliyeishi naye alisema majibu ya daktari yalikuja mwaka wa 1987. Ikiwa ndivyo, basi mwaka wa 1985 hakuwa na la kuwaambia.
– Basi ni picha mbaya?
– Sikusema hivyo, rafiki yangu. Nasema ni mchezo wa kuigiza, si kitabu cha tarehe. Mimi naipenda, lakini sitaitumia katika mtihani wa historia.
– Haya, nami nitaitazama tena nikiwa na kalamu.

Mnaona tofauti? Katika la pili hakuna aliyeshindwa, na kila mmoja ameondoka na jambo ambalo hakuwa nalo. Tena, mwenzao wa tatu aliyekaa kitandani akisikiliza angeweza kuondoka akaenda kuhakikisha mwenyewe, kwa sababu tarehe na mahali vimetajwa. Mwaka wa 2019 yalifunguliwa Mji Mkongwe makumbusho ya Freddie Mercury. Wageni hufika wakiwa wameona sinema tu, na sinema ndiyo wanayoiamini. Ikiwa sisi tuliokaribu na kwao hatutajifunza kusema, "Hapa ni kweli, hapa ni mchezo," maisha ya mtu aliyezaliwa kwetu yatasimuliwa na wengine, nasi tutaitikia tu.

MAZOEZI

1. Chagua sinema moja uipendayo ambayo wenzako huicheka. Andika sentensi tano zenye kuanza na "nimeona", na sentensi mbili zenye kuanza na "nadhani".

2. Taja mwongozaji wa sinema hiyo na mtungaji wa muziki wake. Usipowajua, watafute kabla ya kuendelea.

3. Muulize mzee wa nyumbani kwenu kuhusu picha au bendi aliyoipenda ujanani. Andika tarehe, mahali na urefu wa onyesho kama anavyokumbuka, hata kama jambo lenyewe laonekana dogo.

4. Geuza sentensi hizi ziwe na maana kamili: (a) "Wimbo ule ni kiboko." (b) "Picha ile haifai." (c) "Kila mtu anajua yeye ndiye bora."

Zoezi la tatu ndilo ninaloliwekea matumaini kuliko yote. Yapo majumba ya sinema ambayo sasa ni maduka au makanisa, na ziko bendi ambazo santuri zake hazionekani tena. Walioziona wangali hai, nao husimulia jioni wakicheka. Nendeni na daftari.